Karatasi Chini ya Kisahani

Tunaandika kutoka kusini mwa Uingereza, ambako mvua haijui kupumzika. Safari hii tunaomba nafasi tuwasimulie jambo ambalo kwa miaka kadhaa tulilificha, nalo si la fedha wala la mapenzi. Ni la mashindano ya redio. Baadhi yenu mtacheka mkisikia kwamba watu wazima watatu, wenye ndevu zilizokwisha kuingia mvi, walikosa usingizi kwa sababu ya kipande cha karatasi kilichowekwa chini ya kisahani cha chai. Chekeni, lakini mtusikilize hadi mwisho.

Sisi ni watatu. Tulifika nchi hii katika miaka ya 1990 kwa ajili ya masomo. Mmoja wetu alisomea uhandisi wa umeme, naye ndiye aliyeshika kalamu. Wa pili ni muuguzi. Wa tatu ana shahada ya uhasibu lakini anaendesha teksi, kwa sababu ambazo ninyi mnaoishi ughaibuni hamna haja ya kuelezwa. Tulikutana msibani, kama Waswahili wengi wanavyokutana huku, na katika msiba huo huo ndipo tulipomjua Mzee. Sote tumevuka miaka hamsini, lakini yeye hadi leo anatuita "vijana", nasi tunaitika.

Mzee ni mtu wa Tanga. Ujana wake aliajiriwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, zama za Jumuiya ile iliyovunjika mwaka 1977, akafundishwa kupiga na kupokea simu za maandishi kwa alama za Morse. Baadaye aliingia melini akawa ofisa wa redio, akazunguka bandari za dunia mpaka kazi yenyewe ikafa. Februari 1999 meli ziliacha rasmi kutegemea Morse katika mambo ya usalama, zikahamia kwenye mitambo ya setilaiti na kompyuta. Mzee alishuka melini akiwa na fani ambayo hakuna aliyeihitaji tena, akatulia nje kidogo ya Southampton, akajenga kibanda cha mbao bustanini, akasimamisha mlingoti. Tangu hapo akawa mwendeshaji wa redio ya ridhaa.

Kwa wasiojua, redio ya ridhaa si redio ya kutangaza habari na muziki. Ni watu binafsi, waliofanya mtihani na kupewa leseni na serikali, wanaozungumza kituo kwa kituo bila malipo na bila biashara. Kila mmoja ana alama yake ya wito, na herufi za mwanzo zinaonyesha nchi atokayo. Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Oman A4. Zamani usingepata leseni ya masafa ya mbali bila kujua Morse. Uingereza iliondoa sharti hilo mwaka 2003, na ndiyo sababu hata sisi watatu, kwa kusukumwa na Mzee, tulifanya mtihani mdogo tukafaulu. Lakini Morse ya Mzee ilikuwa inatupita masikioni kama mvua juu ya bati.

Sasa kuna mashindano. Makubwa kuliko yote ni yale yanayoitwa CQ World Wide, yaliyoanza mwaka 1948. Hufanyika mara mbili kila mwaka, kwa sauti mwishoni mwa Oktoba na kwa Morse mwishoni mwa Novemba. Ni saa 48 mfululizo, na saa inahesabiwa kwa majira ya kimataifa. Kwa sisi wa Uingereza yale ya Novemba yanaanza saa sita kamili usiku wa kuamkia Jumamosi, na Dar es Salaam wakati huo ni saa tisa usiku. Katika saa hizo maelfu ya vituo duniani vinaitana, kila kimoja kikijaribu kuzungumza na vingine vingi iwezekanavyo, katika nchi nyingi iwezekanavyo, kwenye bendi 6. Mazungumzo yenyewe hayafiki nusu dakika. Unataja alama yako, unataja namba ya kanda yako, unashukuru, unaendelea na mwingine.

Hesabu yake inapendeza kwa mtu wa uhandisi. Ukizungumza na kituo kilicho bara jingine unapata pointi 3. Kwa sisi wa Ulaya, kituo cha nchi nyingine ya Ulaya kinatupa pointi 1, na cha nchi yako mwenyewe hakikupi pointi. Dunia imegawanywa katika kanda 40. Uingereza ni kanda ya 14, Oman ya 21, Rwanda, Burundi na Kongo ya 36, na Tanzania, Kenya na Uganda ya 37. Mwishoni unajumlisha pointi zako zote, kisha unazizidisha kwa jumla ya nchi na kanda ulizozipata katika kila bendi. Hivyo kituo kimoja adimu hakiongezi pointi 3 tu, kinaongeza pia kizidishi, na kizidishi kinagusa kila kitu ulichokwisha kukichuma. Mlikumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mtu atauliza, je, mashindano haya ni ya haki? Tulimwuliza Mzee swali hilo siku ya kwanza, akatujibu kwamba haki ya vifaa haipo na haijapata kuwapo. Mwenye shamba na milingoti mirefu humshinda mwenye waya uliofungwa kwenye mti. Aliyeko Afrika anavuna pointi 3 kwa kila Mzungu na kila Mmarekani anayemwita, wakati sisi wa Ulaya tunaokota pointi moja moja kwa majirani. Ndiyo maana kila mwaka mabingwa hupanda ndege kwenda Cape Verde, Morocco au visiwa vya Karibiani ili washindane kutoka huko. Hakuna kanuni inayowazuia, wala hawafichi.

Waliokerwa na tofauti hizo walianzisha mwaka 1990, mjini Seattle, mashindano ya namna nyingine, ya timu za watu wawili wawili. Mnamo 2014 Marekani, 2018 Ujerumani na 2023 Italia, kila timu ilipewa hema lake, antena za aina moja, mlingoti wa urefu mmoja na nguvu ya wati 100 tu. Ndani ya kila hema anakaa mwamuzi, amevaa hedifoni, anasikia yote wanayoyasikia washindani. Hapo ukishindwa huna pa kulaumu ila masikio yako. Lakini mashindano hayo ni ya wachache waliochujwa. Sisi wengine, kila mtu kwenye kibanda chake, hatuna mwamuzi wa kukaa naye. Tuna kanuni, na tuna neno letu.

Kanuni nyingine ni za adabu tu. Kabla hujaita kwenye masafa yoyote, sikiliza, uliza kama pana mtu. Mtambo wako uwe safi, usimwage kelele kwa jirani. Taja alama yako mara kwa mara ili watu wajue wanamwita nani. Usimkatize mwenzako anayejibiwa. Nyingine ni za daftari. Ukikosea kuandika alama ya mtu, waamuzi wanakufutia mawasiliano hayo na kukutoza faini ya pointi mara mbili yake, ili ujifunze kuuliza tena badala ya kubahatisha. Na mashindano yakishakwisha hairuhusiwi kurekebisha ulichoandika kwa kutazama orodha, kusikiliza rekodi au kumpigia mtu simu. Ulivyosikia ndivyo ulivyosikia.

Hili la mwisho tuliliona kwa macho yetu. Mwaka mmoja Mzee alikuwa anapitia daftari lake Jumatatu asubuhi, akagundua kwamba kituo kimoja cha Japani alikiandika kwa S mahali palipopaswa kuwa H. Katika Morse, E ni nukta moja, I mbili, S tatu, H nne, na tarakimu 5 ni nukta tano. Ukipoteza nukta moja umemgeuza mtu jina. Tulimwambia airekebishe, ni herufi moja tu, na yeye ana hakika. Akasema, "Hakika nimeipata leo. Jumamosi sikuwa nayo." Akaacha vile vile, akatozwa faini.

Tunalieleza hilo ili mjue kwamba tulikuwa tunamfahamu vizuri mtu tuliyemfanyia tulilomfanyia.

Klabu ya redio ya mtaani kwake ina kikombe kidogo cha fedha, ambacho kila mwaka hupewa mwanachama aliyepata alama nyingi zaidi katika mashindano ya Novemba. Masharti ni mtu mmoja, wati 100, bila msaada. Kwa miaka 11 Mzee alikitazama kikombe kile kikienda kwa wengine, na mara nyingi kwa jirani yake, Mwingereza mstaafu, mtu mwema aliyemkopesha kamba na kumsaidia kusimamisha mlingoti. Novemba tunayoizungumzia ilikuwa ya mwisho. Binti yake Mzee alikuwa amemtafutia nyumba ya wazee ghorofa ya tatu, karibu naye, ambako waya wa antena hauruhusiwi hata wa kuanikia nguo. Ilikuwa sasa au basi.

Sisi tulikwenda kama kila mwaka, kupika na kumkalia. Kanuni ya kundi la mtu mmoja ni wazi: yeye peke yake ndiye anayesikiliza, anayepiga, anayeandika na anayetafuta vituo. Chai unaruhusiwa kumpa. Habari huruhusiwi. Kwani siku hizi habari ziko tele. Kuna mtandao ambamo watu huandika wamesikia kituo gani kwenye masafa gani, na tangu mwaka 2008 kuna mitambo ya kupokea iliyotawanywa duniani, ambayo inasoma Morse yenyewe na kuvitangaza vituo bila mtu kugusa kitu. Anayetaka kutumia vitu hivyo hakatazwi. Anajiandikisha katika kundi la wanaosaidiwa, anashindana na wenzake wanaosaidiwa. Kosa ni kusaidiwa kisha ukajiandikisha na wasiosaidiwa.

Jumapili saa tisa na nusu alasiri tulikuwa jikoni. Mahamri yalikuwa yakiiva. Mmoja wetu alikuwa na simu mkononi, akiutazama ule mtandao kama mtu anavyotazama matokeo ya mpira. Ghafla akanyamaza, akatuonyesha. Kwenye bendi ya megahezi 21 kulikuwa na kituo cha 5H. Tanzania. Tulijua kwamba tangu Mzee ajenge kibanda kile hajawahi kuipata Tanzania katika mashindano, hata mara moja. Kenya aliipata, Uganda aliipata, nyumbani hapana. Na nje jua lilikuwa linazama, bendi hiyo isingedumu saa nzima.

Hatutasema ni nani aliyechana ukingo wa gazeti akaandika masafa. Hatutasema ni nani aliyeibeba trei. Tunachosema ni kwamba wote watatu tuliiona karatasi ikiwekwa chini ya kisahani, na hakuna aliyenyoosha mkono kuiondoa.

Tulisimama mlangoni pa kibanda. Mzee aliinua kikombe, akaiona karatasi, akakaa nayo kitambo. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kisukani cha masafa. Tuliona mgongo wake ukinyooka. Alama ya 5H katika Morse ni nukta tupu, tano kisha nne, nukta tisa zinazofuatana kama mtu anayegonga mlango kwa ncha ya kidole. Hata sisi tusiojua Morse tulizitambua kupitia spika ndogo. Vituo vya Ulaya vilikuwa vinakiita kwa wingi, kelele kama soko la samaki asubuhi. Mzee aliita, akapitwa. Aliita, akapitwa. Dakika 20 hivi zikapita, na sauti ya kule ikaanza kufifia. Mara ikarudi, ikataja alama ya Mzee, yote, bila kosa, na namba 37. Mzee akajibu 14, akashukuru. Kisha akavua hedifoni akaziweka mezani, akafuta macho kwa kiganja. Tukarudi jikoni tumejaa furaha, kama watu waliomwokoa mtu.

Usiku saa sita mashindano yakaisha, tukaagana, kila mtu akarudi kwake.

Jumanne jioni Mzee alitupigia simu, akatuita sote. Tulimkuta kwenye kompyuta, fomu ya kutuma daftari ipo wazi. Kanuni zinatoa siku 5 tu za kutuma. Alitusomea hesabu yake. Ukiacha vile vituo vya Uingereza visivyo na pointi, alikuwa na mawasiliano 751, yakiwamo 356 ya mabara mengine na 395 ya Ulaya. Pointi 1,463. Nchi na kanda kwa jumla 214. Zidisha, unapata 313,082. Jirani yake alikuwa amempigia Jumatatu kumpa hongera ya kumaliza na kumtajia yake: 311,190.

"Sasa niondoleeni Tanzania," akasema Mzee, akamgeukia mhandisi.

Mhandisi akatoa. Pointi zikawa 1,460, na kwa kuwa nchi ilikuwa mpya na kanda ilikuwa mpya kwenye bendi ile, vizidishi vikawa 212. Jibu 309,520. Mazungumzo ya nusu dakika yalikuwa na thamani ya alama 3,562, na kikombe chote kilikuwa ndani yake.

Ndipo akatoa mfukoni mwa shati kile kipande cha gazeti, akakinyoosha juu ya meza. "Zamani mtu akipiga Morse kutoka Mombasa nilimjua kwa mkono wake kabla hajataja jina. Mkono wa kalamu utanishinda?" Hakusema ni wa nani. Hakuna aliyejibu.

Muuguzi wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti. Akasema, Mzee, tufute tu hayo mawasiliano, yamekwisha. Mzee akatikisa kichwa. Waamuzi hulinganisha madaftari yote kwa kompyuta. Yule ndugu wa Tanzania ameandika kwamba alizungumza naye. Wakilitafuta jina lake kwenye daftari la Mzee wasilikute, watahesabu kwamba yule amebuni, watamfutia na kumtoza faini. "Yaani mimi nimekosa, na adhabu aipate mtu wa nyumbani aliyenihangaikia dakika ishirini."

Mhandisi akasema hilo lina dawa. Kuna alama maalumu unayoweka mbele ya mstari kwenye daftari, ikawaambia waamuzi: mawasiliano haya yalifanyika, lakini mimi msinihesabie. Mwenzako anapata haki yake, wewe huli kisicho chako. Tuliiona ni suluhisho safi, la kitaalamu kabisa. Tena hata bila hiyo, akaongeza mwenzetu wa teksi, nani angejua? Wapo wanaokamatwa, ni kweli. Waamuzi hurekodi bendi nzima, hulinganisha saa ambayo kituo kilitangazwa mtandaoni na saa ambayo mtu alikirukia, na madaftari huwekwa hadharani kila mtu aone. Lakini hayo humnasa mtu mwenye tabia. Karatasi moja chini ya kisahani kimoja haina mtambo wa kuigundua.

Mzee alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo tumeyabeba tangu siku ile. "Kanuni haikusema usihesabu ulichosaidiwa. Ilisema usisaidiwe. Nikisaidiwa mara moja nimesaidiwa." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na msijitwishe ninyi peke yenu. Karatasi aliiweka mmoja wenu. Kisukani nilikizungusha mimi. Niliiona, nikaitaka, nikazungusha."

Akarudi kwenye fomu. Palipoandikwa kundi, akabadilisha kutoka wasiosaidiwa akaweka wanaosaidiwa. Tanzania akaiacha pale pale ilipo, kwa kuwa katika kundi hilo ilikuwa halali yake. "Mawasiliano yabaki, kikombe kiende," akasema, akabonyeza. Kisha akampigia jirani yake, akamweleza yote kwa Kiingereza chake cha melini, bila kutaja karatasi ilikuwa ya nani. Tulisikia upande wa pili ukimya mrefu, halafu maneno machache tusiyoyashika. Mzee akatuambia tu kwamba jirani amesema atakuja Jumamosi kusaidia kushusha mlingoti.

Kikombe kilikwenda kwa jirani. Jina la Mzee lilitoka chini kabisa katika orodha ya wanaosaidiwa, miongoni mwa watu waliokuwa na mtandao mbele yao kwa saa 48 zote, wakati yeye alisaidiwa mara moja. Asiyejua angesema Mzee yule amezeeka.

Wasomaji wapenzi, tumeliwaza jambo hili mara nyingi. Tulipoweka ile karatasi hatukudhani tunadanganya. Tulilelewa hivyo. Mkubwa hatafuti kitu peke yake wakati vijana wapo. Ukiona alichokidondosha unamwokotea, ukijua njia unamwonyesha. Kwetu kumwacha mzee ahangaike huku wewe unalijua jibu ndiyo utovu wa adabu. Na huku ughaibuni tumeishi kwa kusaidiana. Nani kati yetu alipata chumba chake cha kwanza au kazi yake ya kwanza bila ndugu kumnong'oneza? Tuliuchukua wema huo huo tukaupeleka mahali ambapo haukualikwa.

Lakini tunaijua pia kanuni ya aina ile, wala si ya kigeni kwetu. Wengi wenu mnacheza mchezo wa kupeana fedha kila mwezi. Hakuna mkataba wala polisi, kuna kijumbe na zamu. Kama kijumbe angemwonea huruma mmoja akamrusha zamu, kwa nia njema kabisa, mchezo ungekufa mwezi ule ule, kwa sababu wale waliosubiri hawakuwapo chumbani wajitetee. Hicho ndicho tulichokisahau. Tulimwona Mzee aliyekaa mbele yetu. Hatukumwona jirani yake, mitaa miwili mbele, ambaye saa ile ile alikuwa anakizungusha kisukani chake taratibu, peke yake, akiamini kwamba na mwenzake yu peke yake.

Mzee sasa anakaa ghorofa ya tatu. Kipigio chake cha shaba alitupa sisi, tukitunze kwa zamu. Mwezi wa Oktoba uliofuata tuliomba ruhusa ya kutumia uwanja wa klabu, tukashiriki mashindano ya sauti kama kundi la waendeshaji wengi. Tumegundua kwamba hapo ndipo mahali petu. Katika kundi hilo mmoja anazungumza, mwingine anatafuta vituo, wa tatu anaangalia mtandao, na kupeana karatasi ndiyo kazi yenyewe. Mzee tulimleta kwa gari akakaa nyuma yetu na blanketi magotini, akitukemea kila tulipoita kabla ya kusikiliza. Jirani alikuja na keki. Tulipata matokeo ya kawaida tu, na Tanzania hatukuisikia.

Mwanzoni tulisema jambo hili tulilificha. Tulilificha kwa watu wa klabu, ambao hadi leo hudhani Mzee alikosea kujaza fomu, naye hakuwasahihisha kwa ajili yetu. Mwezi huu tumekubaliana kwamba tutawaambia wenyewe, kwenye mkutano wao, sote watatu tukiwa tumesimama. Tumeona tuanze kwa kuwaambia ninyi, kwa lugha yetu, ili tusije tukarudi nyuma.